Moto wa Muswell Hill: Historia Fupi kwa Wazazi na Watoto Wetu

Kila mwaka tunapokutana kuadhimisha 9 Desemba, ukumbi wetu hujaa harufu ya pilau, kanga za rangi za bendera na makelele ya watoto. Wazee hukaa mbele, wakasimulia mambo ya 1961. Watoto wetu waliozaliwa hapa Uingereza husikiliza kwa adabu, halafu hurudi kwenye simu zao. Hatuwalaumu. Historia ya mahali ambapo hujawahi kulala hata usiku mmoja si rahisi kuishika moyoni.

Ndiyo sababu mwaka huu kamati ya jarida ilipotuomba sisi wazazi wa Kiislamu tuandike kitu, tuliamua kuandika historia ambayo watoto wetu wenyewe wamo ndani yake. Jumuiya yetu ina Waislamu na Wakristo, na makala hii ni ya wote. Lakini ilianza na swali la mtoto wa Kiislamu. Katika darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, kijana wa miaka kumi na mmoja alimuuliza mwalimu: "Kwa nini kila likitokea jambo baya kwenye taarifa ya habari, mimi ndiye natakiwa niseme si mimi?"

Mwalimu alinyamaza. Sisi pia, tuliposimuliwa, tulinyamaza. Tukaona kwamba swali hili halijibiwi kwa sentensi moja. Linahitaji kusimuliwa habari yenyewe, tangu mwanzo.

Wenzetu wa Barawa

Tuanze na moto. Alfajiri ya Jumatano, 5 Juni 2013, kituo cha jamii cha Waislamu kiliteketea katika mtaa wa Coppetts Road, Muswell Hill, kaskazini mwa London. Zimamoto walifika, lakini jengo halikuokoka. Kwenye ukuta zilikutwa herufi tatu zilizopulizwa rangi: EDL, kifupi cha English Defence League, kundi lililokuwa likiandamana dhidi ya Waislamu wakati huo.

Kituo kile kilikuwa cha watu wa Barawa. Wengi wa watoto wetu hawajui Barawa ni wapi, nao wazee wakisikia kwamba ni watu wa Somalia hudhani ni wageni kwetu. Si wageni. Barawa ni mji wa kale wa pwani, kusini mwa Mogadishu, na lugha ya wenyeji wake, Chimwini, ni ndugu wa Kiswahili chetu. Ukimsikiliza bibi wa Barawa akimkanya mjukuu wake, utashika maneno mengi kabla hujafafanuliwa. Mji huo ulikuwa na mabaharia, wafumaji wa nguo, masheikh na washairi. Mmoja wa washairi wake wakubwa alikuwa mwanamke, Dada Masiti, ambaye tungo zake za dini kwa Chimwini zinakumbukwa hadi leo.

Kuna mtu mwingine wa Barawa ambaye alifika hadi kwetu. Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi alizaliwa 1847. Alisoma Baghdad, akarudi pwani, akaja Unguja wakati wa Seyyid Barghash. Kupitia yeye na wanafunzi wake tarika ya Kadiria ilienea Unguja, ikavuka hadi bara, ikafika hata mashariki ya Kongo. Zikri ambazo baadhi yetu tuliziona utotoni, wanaume wamesimama kwa safu wakivuta pumzi pamoja usiku wa maulidi, nyingi zina mizizi katika safari za sheikh huyu.

Tunataka watoto wajue pia alivyokufa. Mwaka 1909 Sheikh Uways aliuawa huko Biyoole, Somalia, pamoja na wafuasi wake kadhaa. Waliomuua hawakuwa wakoloni. Walikuwa Waislamu, wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kiongozi aliyepigana na Waingereza lakini pia hakuwavumilia Waislamu waliotofautiana naye katika mambo kama kuwaheshimu mawalii na kuomba kwa jina lao. Kwa hiyo mtu anapokwambia kwamba misimamo mikali ni jambo la juzi, au kwamba ndiyo sura ya asili ya dini yetu, mwambie habari ya Sheikh Uways. Ugomvi huu umo ndani ya nyumba yetu kwa zaidi ya miaka mia, na wa kwanza kuumizwa nao mara nyingi ni Waislamu wenyewe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Somalia mwaka 1991, watu wa Barawa walikuwa jamii ndogo isiyo na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwatetea. Waliporwa na kuuawa. Wengi walipanda mashua na majahazi hadi Mombasa, wakakaa kambini, na kutoka huko wakatawanyika duniani. London ilipokea familia nyingi. Wakafanya kama tulivyofanya sisi: wakatafuta mahali pa kusali, pa kusomesha watoto jioni, pa kupikia watu wakati wa msiba na harusi. Kituo cha Coppetts Road kilikuwa mahali hapo.

Na hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Siku kituo kile kinaungua, mji wenyewe wa Barawa ulikuwa mikononi mwa al-Shabaab. Haukutoka mikononi mwao hadi Oktoba 2014. Fikirini hali hiyo. Kwao hawawezi kurudi kwa sababu ya watu wanaodai kuutetea Uislamu. Ugenini wanachomewa moto na watu wanaodai kuupinga Uislamu. Kundi moja linawaambia si Waislamu wa kutosha, jingine linawaambia ni Waislamu kupita kiasi.

Wiki mbili kabla ya moto

Moto ule haukuzuka bila sababu ya karibu. Tarehe 22 Mei 2013, wiki mbili kamili kabla yake, askari kijana aitwaye Lee Rigby aliuawa mchana kweupe katika barabara ya Woolwich, kusini mwa London. Waliomuua walikuwa vijana wawili wa Kiingereza wenye asili ya Nigeria, waliosilimu, na walisema wazi mbele ya kamera kwamba wanafanya hivyo kwa ajili ya Waislamu.

Siku ile ile Baraza la Waislamu wa Uingereza lililaani mauaji hayo. Misikiti ililaani. Sisi pia katika jumuiya yetu tulikasirika na kuona aibu, kisha tukaona hofu. Akina mama waliovaa hijabu waliacha kupanda basi usiku. Baadhi yetu tuliwaambia watoto wasiseme Kiswahili kwa sauti kwenye treni, mtu asije akadhani ni Kiarabu. Leo tunaliandika hili kwa soni, kwa sababu kumfundisha mtoto kuificha lugha ya mama yake si malezi. Lakini ndivyo hofu inavyofanya.

Siku nne baada ya mauaji yale, Jumapili ya 26 Mei, EDL walitangaza kuandamana mbele ya msikiti wa York, kaskazini mwa Uingereza. Waumini wa pale wangeweza kufunga milango na kuwaachia polisi kazi. Wakachemsha chai. Waliitisha majirani, watu kama mia moja wakaja kusimama nao, na waandamanaji walipotokea, wachache tu, wakakaribishwa chai na biskuti. Baadhi yao waliingia ndani kuzungumza. Mwisho wakacheza mpira pamoja.

Baadhi ya vijana wetu waliposikia habari hiyo walicheka. Walisema ni kujidhalilisha, kumkirimu mtu aliyekuja kukutukana. Hoja yao si ya kupuuzwa, na tutairudia.

Sinagogi iliyofungua mlango

Turudi Muswell Hill. Jengo limeungua Juni. Ramadhani inaanza Julai. Mnajua Ramadhani ya Julai katika nchi hii ilivyo: jua linazama baada ya saa tatu usiku, mtu amefunga zaidi ya saa kumi na nane, na tarawehe inaisha karibu na usiku wa manane. Bila kituo, familia zile zingefuturu kila moja kivyake katika vyumba vidogo, na watoto wangekosa kitu ambacho kila mmoja wetu anakikumbuka kutoka utotoni, yaani kufuturu pamoja na umati.

Waliowafungulia mlango walikuwa Wayahudi. Sinagogi ya Finchley Reform, iliyo jirani, ikiongozwa na rabi mwanamke, Miriam Berger, iliwakaribisha watu wa Barawa kufuturu na kusali tarawehe ndani ya jengo lake. Waumini wa Kiyahudi walisaidia kupanga meza. Waislamu walitandika mikeka yao na kuelekea kibla katika nyumba ambayo ina kibla chake kingine.

Tumezungumza mara nyingi baina yetu juu ya usiku huo. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye alipokuwa kijana asingeingia nyumba ya ibada ya dini nyingine hata kwa mvua, alisema: "Hawa wamebeba kitu kizito kuliko meza." Alikuwa na maana kwamba haikuwa rahisi kwa upande wowote. Sinagogi za nchi hii zina walinzi mlangoni kwa sababu nao wanashambuliwa. Kuna ugomvi wa Mashariki ya Kati ambao hakuna upande uliousahau kwa usiku mmoja. Hakuna aliyembadili mwenzake dini wala siasa. Mlango ulifunguliwa hivyo hivyo, na watoto wa pande zote mbili wakaona.

Tunawaomba wazazi wenzetu mzingatie neno hilo, wakaona. Mtoto aliyewaona watu wazima wa dini nyingine wakimmiminia maji ya kufuturia hawezi kudanganywa kirahisi na sauti ya kwenye simu inayomwambia kwamba watu wote wa dini ile ni adui yake. Wa kumdanganya atakuwa amechelewa.

Je, kuvumilia ni kujidhalilisha?

Sasa tujibu hoja ya vijana wetu. Wanasema: wazee mnatufundisha uvumilivu kwa sababu mlikuja hapa na pasipoti za watu, mkaogopa. Sisi tumezaliwa hapa, hii ni nchi yetu, kwa nini tuinamishe kichwa?

Tunakubali kwamba kuna uvumilivu wa woga. Tumewahi kuwa nao. Mtu anayetukanwa dukani akanyamaza kwa sababu anaogopa kufukuzwa nchini havumilii, anateseka. Kwa hiyo tunawaambia watoto wetu: ukitukanwa kwa dini au rangi, sema. Mwambie mwalimu, tuambie sisi, peleka polisi ikibidi. Kuchoma msikiti ni jinai, na jinai inashtakiwa.

Uvumilivu tunaousema hapa ni mwingine. Tutazameni usiku wa 19 Juni 2017, Finsbury Park. Watu wametoka tarawehe, na mzee mmoja ameanguka barabarani, wengine wanamhudumia. Mtu mmoja akawavamia kwa gari. Mzee yule akafa na wengine wakajeruhiwa. Umati ulimkamata dereva na hasira ilikuwa imepanda. Imamu Mohammed Mahmoud alisimama baina yake na umati, akahimiza asidhuriwe, hadi polisi wakamchukua. Mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha.

Mwoga hafanyi hivyo. Inahitaji kifua kusimama mbele ya watu wako wenyewe, waliomwaga machozi na damu, ukawaambia huyu hatumgusi. Na matokeo yake ni kwamba aliyefanya uovu alihukumiwa kwa uovu wake, na hakuna kijana wa Kiislamu aliyelala jela usiku ule kwa kulipiza.

Liverpool nayo ina historia yake. Mwaka 1889 mwanasheria Mwingereza aliyesilimu, Abdullah Quilliam, alifungua msikiti katika mji huo, wa kwanza kabisa Uingereza kwa maana ya nyumba ya ibada iliyotambuliwa. Waumini wake walirushiwa mawe na taka. Quilliam akajibu kwa kazi: alifungua pia nyumba ya kulelea watoto wa mji waliokosa wa kuwalea. Miaka 135 baadaye, Julai 2024, wasichana watatu wadogo waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport, karibu na Liverpool. Uvumi wa uongo ukaenea mitandaoni kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa mashua. Usiku uliofuata msikiti wa Southport ulishambuliwa kwa matofali. Asubuhi yake wakazi wa mji wakaja na koleo na saruji, wakaujenga upya ukuta. Na tarehe 2 Agosti, waandamanaji walipokusanyika mbele ya msikiti wa Quilliam, imamu Adam Kelwick na wenzake walivuka barabara wakiwa na chakula mkononi. Baadhi ya waandamanaji walikula. Baadhi walizungumza. Baadhi wakakumbatiana naye.

Hatusemi kwamba chai na chakula vinamaliza chuki. Havimalizi. Miji mingine wiki hiyo iliungua. Tunasema tu kwamba moto hauzimwi kwa moto, na kwamba majirani wanaobeba koleo asubuhi ni wengi kuliko wanaobeba matofali usiku. Mtoto anapaswa kuzijua hesabu zote mbili.

Upande wetu

Tungekuwa waongo kama tungeishia hapo, tukajiona sisi ni wa kuonewa tu.

Wengi wetu tunaikumbuka 7 Agosti 1998. Balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa kwa wakati mmoja. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, Dar es Salaam 11. Wengi wao walikuwa wananchi wa kawaida: makarani, wapita njia, abiria. Na mmoja wa waliohukumiwa kwa mlipuko wa Dar es Salaam alikuwa kijana wa Zanzibar, mtoto wa watu kama sisi. Tarehe 7 Julai 2005 ilikuwa zamu ya London: watu 52 waliuawa katika treni na basi, na watatu kati ya vijana wanne waliojilipua walizaliwa nchi hii hii. Mmoja wao alikuwa na miaka 18.

Februari 2015, wasichana watatu wa shule, wa miaka 15 na 16, waliondoka nyumbani kwao mashariki mwa London wakaenda Syria kujiunga na kundi la Dola ya Kiislamu. Katika habari yao kuna kitu kidogo ambacho hakituachi. Rafiki yao alikuwa ameshaondoka kabla yao. Polisi waliandika barua kwa wazazi, lakini barua wakapewa wasichana wenyewe wazipeleke. Hazikufika. Zilikutwa baadaye zimefichwa kati ya vitabu vyao vya shule, vyumbani mwao.

Kila mzazi anayesoma hapa ajiulize: katika mkoba wa mwanangu kuna barua gani? Hatusemi mkapekue mikoba. Tunasema kwamba wazazi wale walikuwa chini ya dari moja na watoto wao, wakila nao, na hawakujua. Tangu Julai 2015 sheria inazitaka shule zichunguze dalili za misimamo mikali, na wazazi wengi wa Kiislamu wanaogopa hata kuzungumza habari hizi nyumbani, mtoto asije akarudia neno shuleni likaeleweka vibaya. Matokeo yake nyumba inakuwa kimya. Na nyumba ikiwa kimya, mtoto atatafuta mahali penye kelele.

Lakini upande wetu una mashujaa pia, na watoto wawajue kwa majina. Novemba 2014, karibu na Mandera, Kenya, al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, 21 Desemba 2015, wakasimamisha basi jingine lililokuwa likienda Mandera. Wakataka abiria wajitenge tena. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wamewapa mitandio wenzao wa Kikristo wajifunike. Wanaume waliwaambia wauaji: tuueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi pale, akafariki mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Filamu fupi ya Watu Wote, iliyofikia kuteuliwa kwa tuzo ya Oscar, ilitokana na kisa hicho. Ipo kwa Kiswahili na Kisomali. Itazameni na watoto wenu wakubwa, kisha msizime televisheni haraka. Kaeni kidogo, waulizeni wangefanya nini.

Malezi ugenini si jambo jipya

Wazazi wengine huona kama hakuna aliyewahi kulea mtoto wa Kiislamu katika nchi isiyo ya Kiislamu kabla yetu. Wapo, tena wa mwanzo kabisa. Mnamo mwaka 615, Waislamu wa Makka walipoteswa na watu wao, Mtume aliwaelekeza wakimbilie Habasha, nchi ya mfalme Mkristo, Najashi. Nchi ya hifadhi ya kwanza ya Waislamu ilikuwa Afrika Mashariki. Jaafar bin Abi Talib alisimama mbele ya mfalme, akaeleza imani yake kwa heshima bila kuficha kitu, na mfalme akakataa kuwarudisha. Mkewe Jaafar, Asma bint Umays, alijifungua hukohuko. Mtoto wao Abdullah alizaliwa na kukulia miaka yake ya mwanzo chini ya ulinzi wa Wakristo, na familia haikuondoka hadi mwaka 628 hivi.

Hakuna aliyesema kwamba Abdullah bin Jaafar alikuwa Mwislamu pungufu kwa sababu hiyo. Alikua akajulikana kwa ukarimu wake.

Kutokana na haya yote, sisi katika jumuiya yetu tumejiwekea mambo machache. Si mengi, na wakati mwingine yanatushinda.

La kwanza, likitokea shambulio lolote, mtoto alisikie kutoka kwetu kabla ya kulala. Tunamweleza nani ameumizwa, tunawaombea waliokufa kwa dini zao zote, ndipo tunazungumza habari ya waliofanya. Tusianze na "si sisi." Tuanze na "poleni."

La pili, madrasa ya watoto isiwe ya kukariri tu. Mwalimu aruhusu maswali, hata yale magumu ya jihadi na makafiri. Swali linalozuiwa madrasani litajibiwa na mtu asiyemjua mtoto wala mama yake.

La tatu, tuwapeleke watoto kwa majirani kabla ya moto. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini mgeni asiyetoka chumbani hamponyi mtu. Futari moja ya Ramadhani iwe ya mtaa. Krismasi na Pasaka tuwapelekee ndugu zetu Wakristo wa jumuiya hii sahani, kama mama zetu walivyofanya Tanga, Tabora na Kariakoo, na kama wao walivyotuletea.

La nne, akina baba. Tunafanya kazi za zamu, teksi na ulinzi usiku, tukirudi watoto wamelala. Tumewaachia mama zao kila kitu. Samaki mkunje angali mbichi, nasi tumekuwa tukimkuta samaki ameshakauka. Hata nusu saa ya kumpeleka mtoto shuleni kwa miguu ni madrasa.

Neno la siku ya Uhuru

Kwa nini tumeyaandika haya katika jarida la Uhuru? Kwa sababu uhuru tunaouadhimisha ulipatikana kwa njia hii hii. Mwaka 1953, Abdulwahid Sykes, Mwislamu wa Dar es Salaam na kiongozi wa TAA, alimwachia uongozi mwalimu Mkatoliki kutoka Butiama baada ya kura. Hakwenda kuanzisha chama cha dini yake. Mwaka uliofuata walikuwa pamoja kuasisi TANU. Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Kiislamu, alizunguka nchi nzima akiwahamasisha wanawake wa kila dini. Wazee wa Kiislamu wa mji walimpokea Julius Nyerere kama mtoto wao. Hawakuwa wajinga wa tofauti zao, na si kila aliyekuwa karibu nao alikubali njia hiyo. Waliamua. Na usiku wa Uhuru mwenge ukapandishwa Kilimanjaro, kwa maana aliyokwisha kuisema Mwalimu miaka miwili nyuma: kupeleka upendo palipo na chuki na heshima palipo na dharau.

Kwa hiyo, kijana wetu wa darasa la Jumamosi, hili ndilo jibu letu, ingawa limechelewa. Huna haja ya kusema "si mimi." Hakuna aliye na haki ya kukudai hivyo. Lakini una la kusema. Sema: mimi ni wa kabila la Sheikh Uways na la mwalimu Salah Farah. Mimi ni jirani wa watu waliofuturisha wenzetu kwenye sinagogi. Sema na "poleni" kwa walioumia. Kisha nenda ukacheze.

Kwa wazazi wenzetu, tunawatakia sikukuu njema ya Uhuru. Ukumbini tutawawekea viti. Mje na watoto, na mje na jirani mmoja.